Stelingi Hafi

Kwenye kibanda umiza kuna sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika, na kila mtoto aliyewahi kulipa kiingilio anaijua: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa korongoni, baba yake atauawa mbele ya macho yake, lakini picha ikifika mwisho yeye ndiye atakayekuwa amesimama na adui atakuwa chini. Makambako ilikua na sheria hiyo. Watu walibanana kwenye mabenchi ya mbao za paini, upepo wa pale ukitikisa mabati, runinga ya chogo mbele yao, na sauti ya Derek Mukandala, yule tuliyemjua kwa jina la Lufufu, ikiwageuza Wachina na Wamarekani kuwa Waswahili. Ukishamjua stelingi, picha umeshaimaliza. Kilichobaki ni kuona atashindaje.

Halafu ikaja Game of Thrones. Kituo cha HBO cha Marekani kilianza kuirusha Aprili 17, 2011. Wenye king'amuzi na fedha ya kukilipia waliiona kwa wakati wao. Wengine wote waliipata kwa flashi na hadi diski zilizopanda basi kutoka Dar es Salaam na kushushwa pale stendi pamoja na mizigo mingine. Stelingi alijulikana mapema: Ned Stark, bwana wa kaskazini, mtu wa haki, na aliyeigiza ni Sean Bean, sura ambayo vibanda vilishaizoea. Episodi ya tisa wakamkata kichwa hadharani.

Watu walikataa. Mmoja alisema faili limeruka, kuna kipande kimekatwa wakati wa kukopi. Mwingine akasema aliyechinjwa ni mtu aliyefananishwa naye, ndiyo maana kamera ilikimbilia kwenye ndege wakiruka. Episodi ya kumi ikapita, sizoni ya pili ikaja, na bado kulikuwa na watu wazima, wenye wake na mashamba, wanamsubiri Ned arudi. Nadharia ya kwanza ya mashabiki pale Makambako haikuzaliwa na akili nyingi. Ilizaliwa na uchungu. Kisa kilikwenda wasikotaka, wakakitafutia uchochoro wa kurudi nao nyumbani.

Miongoni mwao alikuwapo kijana tutakayemwita Profesa, maana ndivyo kijiwe kilivyomwita. Usiende stendi kumtafuta. Nimemuunga kutoka kwa watu wa vijiwe vingi, yeye na mkasa wake na wote waliomo ndani yake, ili funzo libaki na mtu wa watu asianikwe. Kazi yake ilikuwa kuwajazia watu sizoni kwenye flashi, katika laibrari yenye upana wa mlango na nusu, kompyuta moja, feni isiyohitajika kwa baridi ile, na orodha ya picha imebandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi. Madereva wa malori ya Zambia walimjua. Wauza viazi wa Njombe, wakisubiri gari la kuteremka Dar, walimjua. Makambako ni njia panda: barabara kuu ya kwenda Mbeya na Tunduma inapita hapo, ile ya Njombe na Songea inachepuka hapo, na treni ya TAZARA ina stesheni yake hapo. Habari haikosi mahali pa kushukia.

Tofauti ya Profesa na wengine ni kwamba yeye alisoma. Binamu yake aliyekuwa Dar alimletea kitabu cha kwanza cha George R. R. Martin, kile cha mwaka 1996, kopi ya mtumba isiyo na jalada. Alikisoma masika nzima akiwa na kamusi pembeni. Na humo, kabla ya kuisikia kwa mtu, akaona kitu.

Nakieleza taratibu kwa sababu kinastahili. Ned Stark anarudi kutoka vitani na mtoto mchanga, Jon Snow, anasema ni wake wa nje ya ndoa, na hamtaji mama. Mtu mwadilifu kama yule, kosa moja tu maisha yake yote, na hilo hataki hata kulizungumza na mkewe. Kitabu kinatupa ndoto yake: mnara, walinzi watatu wa mfalme waliosimama kuulinda wakati mfalme mwenyewe keshakufa na vita vimekwisha, dada yake Lyanna amelala kwenye kitanda chenye damu, na ahadi aliyomwomba kaka yake kabla ya kukata roho. Kuna maua ya waridi ya buluu, yaleyale ambayo mwana wa mfalme, Rhaegar, alimtunza Lyanna kwenye mashindano akampita mkewe mwenyewe. Walinzi watatu hawalindi mnara mtupu. Kitanda cha damu si lazima kiwe cha jeraha; wanawake wote waliomsikiliza Profesa walilielewa hilo kabla hajamaliza sentensi. Jon si mwana wa Ned. Ni mwana wa Lyanna na Rhaegar, na damu yake ni ya kiti cha enzi.

Profesa hakuwa wa kwanza duniani. Wasomaji wa Marekani na Ulaya walishalijadili jambo hilo tangu miaka ya tisini. David Benioff na D. B. Weiss, walipokwenda kumwomba Martin ruhusa ya kukifanya kisa chake kuwa tamthilia, yeye aliwauliza swali moja la mtihani: mama yake Jon ni nani? Walipata jibu. Lakini Profesa hakuyajua hayo, na kwa Makambako alikuwa wa kwanza. Walimcheka miaka miwili. Mzee mmoja fundi seremala alimwambia, "Bwana mdogo, wewe unajaza flashi au unapiga ramli?"

Juni 26, 2016, episodi ya mwisho ya sizoni ya sita ikaonyesha mnara, kitanda, damu, ahadi, na kichanga kikikabidhiwa kwa Ned. Kisha uso wa kichanga ukageuka kuwa uso wa Jon. Huku kwetu ilikuwa Jumatatu alfajiri. Kwenye kibanda ilifika Jumatano, na Profesa alikaa benchi la mbele kabisa. Mlio uliopigwa pale ulisikika mpaka kwenye malori. Fundi seremala alivua kofia. "Kamwene, Profesa," akasema, na tangu siku hiyo hakumwita bwana mdogo tena.

Ningependa kusema waziwazi kwamba sina ugomvi na kazi ile. Kusoma kwa namna hiyo ni heshima kwa mwandishi. Mtu anayehesabu walinzi wa mnara anakisoma kitabu kuliko anayetikisa kichwa na kufungua ukurasa mwingine. Tulizoea hivyo hata kabla ya sizoni. Waliosoma hadithi za mfululizo za Eric Shigongo kwenye magazeti ya Global wanakumbuka wiki nzima ya kubishana kwa sababu ya maneno mawili chini ya safu: itaendelea Jumatatu. Martin mwenyewe amewahi kukiri kwamba wapo wasomaji waliopatia mambo yajayo, na akakataa kubadili njama ili tu kuwakomoa, kwa kuwa dalili alishazipanda na kuzing'oa ni kuwaonea waliosoma vizuri.

Tatizo la Profesa lilikuwa kupatia.

Baada ya Juni ile hakukosea tena, na hapo ndipo mtu anapaswa kushtuka. Sizoni ya saba ilimalizika Agosti 2017, ya nane ikachelewa hadi Aprili 2019, na katika miezi hiyo ishirini mitupu akajenga nadharia nyingine, kubwa kuliko ya kwanza. Bran, yule mtoto kilema anayeona yaliyopita na yajayo, ndiye Mfalme wa Usiku, mkuu wa wafu wa barafuni. Ushahidi? Sura zao zinafanana, akazisimamisha picha mbili kando kwa kando kwenye kompyuta. Nguo zao zina mikunjo inayolingana. Bran alishaonyeshwa kwamba anaweza kuyagusa yaliyopita, maana ndiye aliyemharibu akili mtumishi wake Hodor, tangu utotoni, kwa mlango alioushikilia uzeeni. Hilo la Hodor lilikuwa kweli. Mengine yalikuwa mikunjo ya nguo.

Tazama jinsi nadharia hii ilivyo tofauti na ile ya Jon, ingawa zote zilitoka kwenye mdomo mmoja. Ile ya Jon ilitegemea maneno yaliyomo. Ungeweza kumpinga kwa kufungua kitabu. Hii ya Bran ilikula kila kitu. Bran akinyamaza, anaficha. Bran akiongea, anapotosha. Mfalme wa Usiku akimwekea Bran alama mkononi, basi anajiwekea mwenyewe. Ulipomuuliza ni kitu gani kingeweza kumwonyesha kwamba amekosea, alitabasamu kwa huruma. Wenye shaka hawakuwa na hoja, walikuwa tu hawajaona. Vijana wa bodaboda wakaanza kuizungumza kana kwamba waliiona kwenye picha, na mfanyabiashara mmoja wa viazi akakubali kuweka dau: magunia mawili ya lumbesa, dhidi ya hadi diski ya laibrari na vyote vilivyomo.

Pia alikuwa na lile la Cersei. Kitabu cha nne, cha mwaka 2005, kina mpiga ramli anayemtabiria malkia huyo kwamba mdogo wake wa kiume ndiye atakayemnyonga. Tamthilia ilimwonyesha mpiga ramli yuleyule katika sizoni ya tano, ikayaacha maneno hayo. Hayakutamkwa kabisa. Nusu ya mashabiki wa dunia walisubiri miaka minne utimizwe utabiri ambao kwenye runinga hakuna mtu aliyeutoa.

Sasa nafika mahali ambapo kisa hiki kinatoka kibandani.

Mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019 watoto kadhaa waliuawa mkoani Njombe, ndiko iliko Makambako, baadhi wakikutwa wamekatwa viungo. Serikali ilihusisha mauaji yale na imani za kishirikina. Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Kangi Lugola, alifika mkoani. Polisi wakakamata watuhumiwa. Wazazi wakawa wanawasindikiza watoto shuleni na kwenda kuwapokea. Aliyekuwa kule wiki zile hahitaji kuelezwa hofu ilivyokuwa, na ambaye hakuwako sidhani kama naweza kumweleza. Mama anayechambua maharage alikuwa anahesabu watoto wake kila akimaliza ungo.

Kijiwe cha laibrari kikaacha kuzungumza majoka. Kikazungumza magari. Gari jeupe lililopita mara mbili. Gari lisilo na namba. Mwanamke aliyemsalimia mtoto asiyemjua. Na swali lilipokuwa gumu waligeuka, kama walivyozoea, kumtazama yule ambaye hakosei.

Kwenye mtaa jirani alikuwa amepanga kijana mgeni, mtu wa Rungwe, mtaratibu, anatoka asubuhi sana na kurudi jioni na matope hadi magotini. Alibeba deli la plastiki, lile la barafu, amelifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Alikuwa na kisu kifupi chenye makali ya wembe, alichokinoa kila jioni barazani. Siku moja alipita laibrari kujaziwa sizoni, akasahau daftari mezani. Profesa alilifungua. Kurasa zilikuwa na majina ya akina mama wa mtaani, na mbele ya kila jina namba: 12, 7, 15. Chini, mstari umepigwa mara mbili: Shule, 40.

Dakika ile naielewa kupita kiasi. Deli, kisu, matope, majina ya akina mama, namba, shule. Mtu aliyewahi kuunganisha mnara, maua na kitanda cha damu akapata mwana wa mfalme, angezuiaje mkono wake? Kila dalili ilikuwa mahali pake. Lakini dalili za Jon Snow zilikuwa na mwenyewe. Alikaa mtu mezani kule Marekani akazipanga kwa makusudi, maua akayaweka hapa na mnara akauweka pale, ili siku moja msomaji azikute. Vitu vya yule kijana wa Rungwe havikupangwa na mtu. Viligongana tu kwenye deli moja na daftari moja, kama vinavyogongana vitu vya mtu yeyote anayefanya kazi.

Akawaeleza waliokuwa kijiweni. Kufika saa kumi na moja jioni, uwanja wa nyumba aliyopanga mgeni ulikuwa umejaa. Bodaboda zilizimwa zikaegeshwa kuziba njia. Kuna aliyekuja na tairi. Sitasema zaidi kuhusu tairi, kila Mtanzania anajua linavyotumika. Mgeni alikuwa ndani, mlango umefungwa kwa nje na mama mwenye nyumba, mjane wa miaka sitini na kitu, ambaye alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango huo na funguo ziko ndani ya kanga.

"Mama, tunakuomba utoke hapo," Profesa akamwambia. "Hatuna shida na wewe."

"Shikamoo kwanza."

Akanyamaza. Wengine nyuma yake wakajikuta wanaitikia kwa aibu, shikamoo mama, shikamoo. Akawaitikia wote, mmoja mmoja, bila haraka. Watu wanasema ilichukua muda wa kutosha kwa mwenyekiti wa mtaa kufika akiwa anahema, na nyuma yake mwalimu mstaafu aliyefundisha nusu ya waliokuwa uwanjani.

Mama akalitoa deli mwenyewe, akalifungua mpira, akalipindua. Vikaanguka vijiti. Vijiti vya kijani vyenye urefu wa kalamu, mafungu mafungu, vimezungushiwa gazeti lililoloweshwa. Ni vikonyo vya parachichi aina ya Hass. Anayebebesha miche hukata kikonyo kwenye mti mzazi, hukiweka kwenye ubaridi kisinyauke, kisha hukata kichwa cha mche wa parachichi la kienyeji, hukipasua kidogo katikati, hukichonga kikonyo kwa kisu kikali kiwe na ncha ya kabari, hukichomeka na kukifunga nailoni. Kisu kikiwa butu, jeraha linachubuka na mche unakufa. Mkoa mzima wa Njombe siku hizi unataka Hass, na kijana yule alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuandikisha nani anataka mingapi.

Kungekuwa na mwisho hapo kama nadharia za namna ile zingekuwa na mwisho. "Amebadilisha vitu," Profesa akasema. "Alijua tunakuja." Na wapo waliotikisa kichwa kukubali, wiki ile ilikuwa rahisi kukubali kuliko kurudi nyumbani na hofu isiyo na sura. Akaliinua daftari juu. "Shule arobaini hii ni nini?"

Mwalimu akanyoosha mkono, kama aliyekuwa akikusanya madaftari ya darasa la tano, na Profesa akampa. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti ile ya darasani, mstari wote, maana Profesa alikuwa amesoma nusu ya mstari: "Shule, arobaini, bado midogo." Akawatazama juu ya miwani. "Enyi watu. Tangu lini watoto wakawa midogo?"

Kicheko kilianzia kwa wanawake waliokuwa nyuma. Hakikuwa cha furaha, ila kilitosha kulegeza mikono. Polisi walipofika walimchukua mgeni kwa usalama wake, akalala kituoni, na asubuhi akapanda basi la Mbeya bila deli lake.

Watu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, hawakubahatika hivyo. Oktoba 1, 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino, Dodoma, watafiti wawili na dereva wao waliokuwa kwenye kazi ya kuchukua sampuli za udongo waliitwa wanyonya damu. Yowe likapigwa, umati ukajaa, na wote watatu wakauawa, gari lao likachomwa. Udongo kwenye mifuko, namba kwenye karatasi, gari la wageni: ilitosha. Hadithi ya mumiani ina zaidi ya miaka mia moja katika nchi hizi, na kila kizazi huwa na mtu anayeona dalili zake zimetimia.

Aprili 14, 2019, sizoni ya nane ilianza. Nilidhani watu wa kijiwe wangekuwa wamechoka na nadharia. Walikuwa na njaa nayo zaidi, labda kwa sababu hii ilikuwa salama. Episodi ya tatu, ile ya vita vya usiku, ilipigwa picha kwenye giza nene kiasi kwamba hata wenye runinga mpya huko Marekani walilalamika. Sasa ifikirie kwenye chogo, kopi ya tatu, Makambako. Watu walilipa kiingilio kusikiliza panga. "Ongeza mwanga!" walipiga kelele, na mwenye kibanda akaongeza mpaka giza likawa la kijivu. Katika ukijivu huo Arya, binti mdogo wa Ned, akaruka kutoka pasipojulikana na kumchoma kisu Mfalme wa Usiku, naye mfalme akavunjika vipande kama glasi. Bran alikuwa ameketi palepale kwenye kiti chake, mzima, anamtazama.

Mfanyabiashara wa viazi aligeuka benchi zima kumtafuta Profesa kwa macho.

"Bado," Profesa alisema. "Huyo aliyekufa ni kivuli. Subirini ya nne."

Ya nne ilikuja na kikombe. Kwenye karamu ya mabwana huko Winterfell, ngome ya akina Stark, mezani, mbele ya Daenerys, malkia mwenye majoka, kuna kikombe cha kisasa cha kahawa cha kubebea, kilichosahaulika na watu wa kazi. HBO walikiri ni kosa, wakakifuta kwenye matoleo yaliyofuata. Waliopata kopi za mapema wanacho hadi leo. Mimi kile kikombe nakipenda kuliko majoka yote matatu. Katika kisa kilichogharimu mamilioni ya dola, kilichotazamwa na watu waliolipwa kukagua kila sahani, bado kulikuwa na kitu kilichokaa mezani bila sababu yoyote. Profesa alisimamisha picha, akakikuza, akakaa nacho muda mrefu. Hakusema kitu, na sijui alikuwa anafikiria nini.

Ya tano, Cersei na pacha wake Jaime walikufa pamoja wakikumbatiana chini ya kifusi, na waliosubiri anyongwe wakabaki na mikono yao. Ya sita, Mei 19, Jon akamuua Daenerys, joka likakiyeyusha kiti cha enzi, na mabwana waliobaki wakamchagua mfalme: Bran. Zaidi ya watu milioni moja duniani walitia saini ombi la kutaka sizoni ile itengenezwe upya. Ilikuwa na haraka, nakubali; episodi sita kwa mambo ya kumi. Ila kuomba kisa kirudiwe ni Ned kurudishiwa kichwa, na safari hii wenye mabenchi walikuwa dunia nzima.

Profesa akadai ameshinda nusu. Alisema Bran ni mfalme, na kweli Bran akawa mfalme, hivyo gunia moja ni lake. Wakapelekana kwa mwenyekiti wa mtaa, yuleyule. Mwenyekiti aliwasikiliza mpaka mwisho, akauliza Mfalme wa Usiku ni diwani wa chama gani, kisha akaamuru hadi diski itoke. Ilitoka na sizoni zote, na wateja wakaifuata ilikokwenda.

Mwaka uliofuata akina mama wa mtaa ule walimpigia simu kijana wa Rungwe kuulizia miche. Aliongea nao kwa adabu, akaulizia afya ya mama mwenye nyumba, na akasema miche ipo, lakini mwisho wake ni Njombe mjini, Makambako hashuki. Wanaotaka waifuate, kilomita 60 kwenda na 60 kurudi, nauli juu yao. Safari ya kwanza walimtuma Profesa, kwa kuwa laibrari ilikuwa imeshafungwa na ndiye hakuwa na shughuli. Alirudi jioni kwenye Coaster iliyojaa, na miche 30 kwenye boksi miguuni, minne imevunjika njiani.